Kabla ya Kuushitaki Mkate

Simulizi inayopendwa kuliko zote kuhusu gluteni huanzia kwenye njaa. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakiikalia Uholanzi yalizuia chakula kisifike katika miji ya magharibi baada ya wafanyakazi wa reli kugoma. Mgawo wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watu wa Amsterdam, Rotterdam na The Hague walikula beti za sukari na viazi vya maua ya tulipu, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 20,000 walipoteza maisha. Katikati ya maafa hayo, husimuliwa kwamba watoto wachache walikwenda kinyume na wenzao wote. Walikuwa wameharisha na kukonda kwa miaka, lakini mkate ulipoadimika wakaanza kunawiri, na mkate uliporudi wakaanguka tena. Daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, akaliona hilo, na tangu hapo dunia ikajua kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru.

Sehemu kubwa ya simulizi hiyo ni ya kweli, ila imekosea mahali penyewe. Dicke hakungoja njaa imfundishe. Alianza kuwaondolea wagonjwa wake ngano kati ya 1934 na 1936, miaka karibu kumi kabla ya njaa ile, na kufikia 1941 alikwishachapisha makala katika jarida la madaktari wa Uholanzi akipendekeza chakula kisicho na mkate. Njaa ilimwongezea ushahidi wa jambo alilokuwa tayari akilifuatilia. Na ushahidi huo haukumtosha, kwa kuwa vita vilipokwisha alirudi kupima upya, safari hii akishirikiana na mkemia. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo somo zima la ugonjwa huu. Mgonjwa akiacha chakula fulani akapata nafuu, hapo ndipo swali linapoanza, wala halijajibiwa. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari hodari waliwaponya watoto kwa vyakula vilivyofaa huku wakiamini sababu zisizo sahihi, na kosa hilo liligharimu afya na uhai wa wengi. Leo, watu wengi wanapoacha ngano kwa kusikia tu kwamba gluteni ni sumu, kosa lile lile linarudiwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu aliyeandika kwa Kiyunani katika karne za mwanzo baada ya Kristo, aliwaeleza wagonjwa ambao chakula kiliwapita bila kuwalisha, wakabaki dhaifu na wenye rangi iliyopauka. Maandishi yake yalitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1856, na miaka thelathini baadaye daktari mmoja wa London akayapa uhai mpya. Huyo ni Samuel Gee. Tarehe 5 Oktoba 1887, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, alitoa mhadhara kuhusu kile alichokiita ugonjwa wa siliaki, na mwaka uliofuata ukachapishwa. Alieleza mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano ambaye kinyesi chake ni kingi, laini, cheupe na chenye harufu kali, tumbo limejaa, mikono na miguu imenyauka, na kukua kumesimama. Hakujua sababu. Lakini alisema neno moja ambalo historia imelithibitisha: kama mgonjwa huyu anaweza kupona, basi atapona kwa chakula.

Ni chakula gani hasa? Hapo ndipo Gee alipokwama, na kukwama kwake kunafundisha. Alikataza maziwa ya ng'ombe. Aliuona mchele haufai, pamoja na vyakula vingine vyenye wanga mwingi. Mkate aliuruhusu, mradi ukatwe vipande vyembamba na kubanikwa vizuri pande zote mbili. Yaani aliwanyima watoto wali, ambao haungewadhuru, akawapa mkate uliokuwa ukiwaua. Hata hivyo alikuwa mtazamaji makini. Alimtaja mtoto mmoja aliyelishwa kila siku zaidi ya lita moja ya kome bora wa Uholanzi, akastawi ajabu kwa muda wote wa msimu wa kome. Msimu ulipokwisha, mtoto akarudi alikotoka, na msimu uliofuata hakukubali tena kuwala. Kwa macho ya leo jibu liko wazi: mtoto aliyeshiba kome hana nafasi ya kula mkate. Kome hawakuwa dawa, bali walikuwa wamekalia kiti cha ngano. Lakini mwaka 1887 hakuna aliyeuliza mtoto yule ameacha kula nini. Wote walitazama kilichokuwa kwenye sahani, na kisichokuwepo hakikuonekana.

Marekani ilirudia jambo hilo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1921 John Howland, mmoja wa madaktari wakubwa wa watoto wa zama zake, aliwaambia wenzake kwamba tatizo ni wanga. Akapendekeza watoto waanze na vyakula visivyo na wanga, kisha warudishiwe pole pole, mkate na viazi vikija mwisho kabisa. Watoto wengi walipata nafuu, na kwa kuwa mkate ulikuwa wa mwisho kurudi, nafuu hiyo ilidumu. Miaka mitatu baadaye, 1924, Sidney Haas wa New York alitoa ripoti ya watoto kumi: wanane aliowalisha ndizi walipona, na wawili ambao hawakupata matibabu hayo walifariki. Ilikuwa habari kubwa. Mtoto mwenye siliaki wakati huo alikuwa katika hatari ya kweli ya kufa, na hapa alikuwapo daktari anayemrudisha kwa tunda la sokoni. Watoto walikula ndizi mbivu kila siku, pamoja na maziwa yaliyoondolewa mafuta, jibini laini, nyama na mboga. Mkate, biskuti, viazi na nafaka zote vilipigwa marufuku. Kwa miongo mitatu ndizi ikawa tiba ya siliaki, na haiba ya Haas ikaipa nguvu.

Haas hakuwa tapeli, na wale waliomdhihaki baadaye hawakumtendea haki. Aliwaokoa watoto ambao wenzake walikuwa wamekata tamaa nao. Kosa lake lilikuwa katika maelezo, na maelezo mabaya yana tabia ya kusubiri. Aliamini kwamba ndizi ina namna ya pekee ya kumeng'enya wanga, na kwamba mtoto akishapona amepona moja kwa moja. Mwaka 1951, katika kitabu alichoandika na mwanawe, bado alishikilia kwamba tiba yake huponya kabisa bila ugonjwa kurudi. Watoto walioaminiwa kuwa wamepona walirudishiwa mkate. Wengi walionekana wazima, kwa kuwa siliaki hujificha katika ujana. Kisha baadhi yao walikuja kugunduliwa ukubwani, damu imepungua, mifupa imekuwa dhaifu, utumbo umeharibika kwa miaka bila mwenyewe kujua.

Hapo ndipo msomaji anaweza kupinga kwa haki. Ikiwa mgonjwa amepona, sababu ina faida gani? Mama ambaye mtoto wake ameacha kuharisha hahitaji somo la kemia. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa siku za kwanza ni la kweli. Lakini sababu ndiyo inayoamua mambo matatu ambayo nafuu peke yake haiwezi kuyaamua: chakula kiachwe kwa muda gani, kiachwe kwa ukali kiasi gani, na nani mwingine aachishwe. Aliyeambiwa kwamba ndizi imemponya ataacha ndizi siku atakapojiona mzima, na atakula keki bila hofu. Aliyeambiwa kwamba gluteni inamjeruhi utumbo atajua kwamba lazima aiepuke maisha yake yote, hata kipande kidogo, hata akijisikia vizuri. Tofauti hiyo si ya vitabuni. Mwaka 1989 Geoffrey Holmes na wenzake wa Birmingham waliwafuatilia wagonjwa 210 wa siliaki, wakaona kwamba waliofuata chakula kisicho na gluteni kwa uaminifu kwa zaidi ya miaka mitano hawakuwa na hatari ya saratani kubwa kuliko watu wengine, ilhali waliokula gluteni kama kawaida au waliipunguza tu walikuwa na hatari iliyozidi, hasa ya saratani ya tezi za limfu inayoanzia utumboni.

Turudi sasa kwa Dicke, maana yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine waliliruka. Alizaliwa Dordrecht mwaka 1905, na alipokuwa na miaka 31 tu alipewa kuongoza hospitali ya watoto ya Juliana jijini The Hague. Katika masimulizi ya wale waliofanya kazi naye, mama mmoja alimweleza kwamba mtoto wake mwenye siliaki hupata nafuu haraka mkate ukiondolewa. Madaktari wengi husikia maneno ya namna hiyo kila wiki na kuyasahau. Dicke aliyachukua kama dai linalopaswa kupimwa. Alimwondolea mtoto ngano, akampima uzito kwa wiki na miezi, kisha akamrudishia, akapima tena, kisha akaiondoa tena. Michoro ya uzito katika tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea Utrecht mwaka 1950, inaonyesha ukuaji wa watoto hao kwa muda mrefu: mstari unapanda, ngano inaingia, mstari unalala au kushuka, ngano inatoka, mstari unapanda tena. Tofauti yake na ushahidi wa kome wa Gee ni hii moja. Gee aliona chakula kimoja kikiingia, na pamoja nacho mambo mengi yakabadilika bila kuhesabiwa. Dicke alibadilisha kitu kimoja, akaacha vingine vyote kama vilivyo, na akarudia.

Bado haikumtosha. Uzito wa mtoto hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, ikiwemo homa na hamu ya kula. Alihitaji kipimo kinachosema utumbo wenyewe unafanya nini. Kipimo hicho kilitengenezwa Utrecht na mkemia J. H. van de Kamer, aliyechapisha mwaka 1949 njia ya haraka ya kupima kiasi cha mafuta katika kinyesi. Si kazi ya kupendeza. Choo chote cha mtoto kilikusanywa, kikachanganywa, mafuta yakatolewa na kupimwa, na hesabu ikalinganishwa na mafuta aliyokula. Utumbo mzima hunyonya karibu mafuta yote, ule wa mgonjwa huyapoteza. Pamoja na daktari Weijers, Dicke na van de Kamer waliwapa watoto unga wa ngano, mafuta katika choo yakapanda. Waliwapa rai, nafaka ya nchi za baridi inayokaribiana na ngano, yakapanda. Waliwapa mchele na mahindi, hayakupanda. Waliwapa wanga wa ngano uliosafishwa, nao haukudhuru. Kwa hiyo wanga, ulioshutumiwa tangu enzi za Gee, Howland na Haas, ulikuwa hauna hatia. Kitu kingine kilichomo ndani ya ngano ndicho kilichokuwa kikidhuru.

Kitu hicho kilikuwa kimejulikana kwa miaka zaidi ya mia mbili, ila katika maabara za watu wasiohusika na tiba. Mwaka 1728 Jacopo Bartolomeo Beccari, mwanazuoni wa Bologna, aliwaeleza wenzake namna ya kuutenga unga wa ngano sehemu mbili, na mtu yeyote mwenye jiko anaweza kulifanya jaribio lake leo. Chukua donge la unga uliokandwa kama wa chapati, likande ndani ya bakuli la maji. Maji hugeuka meupe kama tui kadiri wanga unavyotoka. Yamwage, weka mengine, endelea kukanda hadi maji yabaki safi. Kinachobaki mkononi ni kinato cha rangi ya kijivu, kinachovutika na kurudi, kisichoyeyuka. Hiyo ndiyo gluteni, protini inayoshika hewa ndani ya mkate uumuke na kuifanya chapati ivutike bila kukatika. Ukijaribu hivyo kwa unga wa mahindi au muhogo hutabaki na kinato chochote. Mwaka 1952, Charlotte Anderson na wenzake huko Birmingham waliwalisha watoto wenye siliaki sehemu hizo mbili kwa zamu. Wanga uliooshwa haukuwadhuru, gluteni ikawaangusha. Utrecht ikaendelea mbele na kuonyesha kwamba sehemu ya gluteni inayoyeyuka katika alkoholi, yaani gliadini, ndiyo yenye ukali.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 1954 John Paulley wa Ipswich alieleza utumbo wa wagonjwa uliotazamwa wakati wa upasuaji, na mwaka 1956 Margot Shiner wa London akapata njia ya kuchukua kipande kidogo cha utumbo mwembamba kwa mrija uliopitishwa mdomoni. Mwaka uliofuata, William Crosby wa jeshi la Marekani alitengeneza kidonge cha chuma ambacho mgonjwa hukimeza kikiwa kimefungwa kwenye mrija, nacho hukata kipande na kurudi nacho. Hadubini ilionyesha kile ambacho Gee hangeweza kukiona. Utumbo mwembamba mzima umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyoongeza eneo la kunyonya chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki anayekula ngano, vinyweleo hivyo vimelala na kupotea, na ukuta umekuwa bapa. Akiacha gluteni, vinaota tena. Mwaka 1989 kikundi cha Ludvig Sollid huko Oslo kilionyesha kwamba karibu wagonjwa wote wana aina maalumu za vinasaba vya kinga. Mwaka 1997 watafiti wa Berlin waligundua kwamba mwili wa mgonjwa huishambulia protini yake wenyewe iliyomo kwenye utumbo. Kutokana na ugunduzi huo kipimo cha damu kikawa rahisi, na watu wasioharisha kamwe wakaanza kugundulika. Wapo waliokuwa wametibiwa upungufu wa damu kwa miaka bila mafanikio, waliohangaika kupata mtoto, na wenye malengelenge ya ngozi yawashayo mno, ambayo tangu 1966 yalijulikana kuwa na uhusiano na siliaki. Tunajua sasa kwamba karibu mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Hadi hapa gluteni ilikuwa na hatia iliyothibitishwa, na kwa mgonjwa wa siliaki hakuna mjadala. Lakini katika miongo hii ya karibuni shutuma zimepanuka. Watu wasio na siliaki, wala mzio wa ngano ambao ni ugonjwa mwingine kabisa, husema kwamba mkate huwajaza gesi, huwaumiza tumbo, huwachosha. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Monash nchini Australia walichapisha jaribio ambalo mgonjwa na daktari wote hawakujua nani amepewa gluteni na nani hakupewa. Waliopewa walijisikia vibaya zaidi. Jaribio hilo lilinukuliwa kila mahali. Lililofuata lilinukuliwa kidogo, na hili linasikitisha, kwa sababu lilifanywa na watafiti wale wale kwa uaminifu mkubwa zaidi. Mwaka 2013, kabla ya kuwapa gluteni, waliwaondolea washiriki 37 sukari za aina fulani ambazo hazinyonywi vizuri na huchachushwa na bakteria wa utumbo. Tumbo likatulia. Na safari hii gluteni ilipoingizwa kwa siri, haikuleta tofauti iliyo wazi na chakula kisicho na gluteni.

Mwaka 2018 jaribio la Oslo lililenga hasa hapo. Watu 59 walioamini kwamba gluteni inawadhuru walipewa kwa zamu vitafunio vya aina tatu vilivyofanana kwa ladha: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na vyote viwili. Fruktani ni mnyororo wa sukari uliomo katika ngano, na umo pia katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Kwa jumla, wiki ya fruktani ndiyo iliyowaumiza zaidi. Wiki ya gluteni haikutofautiana na wiki ya vitafunio vitupu. Ukihesabu mtu mmoja mmoja, 24 walizidiwa na fruktani, 22 walizidiwa na vile visivyo na kitu, na 13 tu ndio waliozidiwa na gluteni. Watu hawa waliacha mkate na wakapata nafuu ya kweli, kama mtoto wa kome na watoto wa ndizi. Lakini wengi wao walimfunga asiye mkosaji, na kesho yake wakala mchuzi wa vitunguu, wakaumwa, wakashangaa.

Najua kuna atakayeona hapa dharau kwa wagonjwa, kwamba wanaambiwa maumivu yao ni ya kufikirika. Hapana. Tumbo linalojaa kwa fruktani linauma kweli, na hata tumbo linaloumia kwa hofu ya chakula linauma kweli. Ninachokataa ni kumwacha mgonjwa huyo na jibu la nusu. Anayeamini kwamba gluteni ndiyo ya kuogopa atajinyima vyakula ambavyo havimdhuru, atanunua unga maalumu kwa bei ya juu, mara nyingi wenye nyuzi lishe kidogo kuliko ngano nzima, na bado chanzo cha maumivu yake kitakuwa mezani kila siku. Na kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Miongoni mwa wanaoacha mkate kwa kujiamulia wamo wenye siliaki ya kweli. Mtu akiacha gluteni kwa miezi kadhaa, kingamwili katika damu hupungua na vinyweleo vya utumbo huanza kuota, kisha vipimo vinasema hana ugonjwa. Hapo amejifungia mlango wa kujua. Hatajua kama aepuke hata makombo au kama anaweza kula kipande cha keki arusini, na hatajua kama ndugu na watoto wake, ambao wana uwezekano mkubwa zaidi kuliko watu wengine, wapimwe.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika zaidi kwetu: huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ushahidi unakataa. Mwaka 1999 Carlo Catassi na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 989 wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Asilimia 5.6 walikuwa na siliaki, kiwango kilichozidi sana kile cha Ulaya. Wahenga wao waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia, tende na nafaka kidogo. Ukoloni wa Hispania na kisha maisha ya kambini viliwaletea mkate wa ngano kuwa chakula cha kila siku, na ukawakuta wana vinasaba vinavyoruhusu ugonjwa. India inaonyesha upande wa pili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta siliaki kwa asilimia 1.23 ya watu wa kaskazini wanaokula ngano, na asilimia 0.10 tu kusini wanakokula wali, ingawa vinasaba vya hatari havikutofautiana kwa kiasi kinachoweza kueleza pengo hilo. Ugonjwa unahitaji vitu viwili, vinasaba na ngano, na ngano huenda inakopelekwa.

Afrika Mashariki imepelekewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Lord Delamere alihangaika na kutu, ugonjwa wa ngano, huko Njoro, Kenya, na baadaye Tanzania ilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang kwa msaada wa Kanada. Leo chai ya asubuhi mjini haijakamilika bila mkate, maandazi au chapati. Vinasaba vya siliaki ni adimu zaidi kwa watu wengi wa kusini mwa Sahara, na huenda kiwango cha ugonjwa kwetu ni kidogo. Lakini pwani yetu ina damu za Uarabuni na Uhindi pia, na mtoto anayeharisha kwa miezi, tumbo limevimba na mikono imekonda, kwetu hupewa dawa za minyoo, kisha za amiba, kisha huhesabiwa kuwa na utapiamlo. Mara nyingi utambuzi huo ni sahihi. Asipopona kwa hayo yote, kipimo cha kingamwili kinapaswa kufikiriwa, naye akiwa bado anakula mkate.

Akikutwa nao, jiko letu lina faida ambayo majiko ya Ulaya hayana. Ugali wa mahindi, mtama au ulezi, wali, ndizi za kupika, muhogo, viazi vitamu, vitumbua na mkate wa kumimina wa mchele, vyote havina gluteni kwa asili, na havihitaji kununuliwa kwa bei ya kigeni. Vya kuachwa ni mkate, chapati, maandazi, sambusa, tambi, bokoboko na shayiri. Oti ni salama kwa wagonjwa wengi ikiwa haijachanganyika na ngano, lakini ianzwe kwa ushauri wa daktari. Hatari kubwa zaidi iko mahali ambapo wengi hawatazami. Kwa kiwango cha kimataifa, chakula kinachoitwa kisicho na gluteni hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano makusudi. Kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, ulezi wa mgonjwa hupita katika kinu kilichotoka kusaga ngano ya jirani, na vumbi lililobaki humo latosha kuvuka kiwango hicho. Familia yenye mgonjwa isage nyumbani kwa kinu chake, au itwange kwenye kinu cha mti ambacho hakijawahi kutwanga ngano.